Sinia la Matunda na Jibini: Uza Daraja la Kwanza Bila Kuwasha Jiko

 

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaolima matunda huku milimani Usambara ni hili: "Afisa, tunda langu zuri nimuuzie nani? Dalali akija anapima ndoo, nzuri na mbaya bei moja." Ni kweli kabisa. Umepogoa, umemwagilia, umechuma kwa mkono asubuhi na mapema, halafu plamsi yako safi inaingia ndoo moja na ile iliyoanguka chini. Jasho lote limeishia kwenye ndoo.

Majibu yako mengi, na mengine tumeshayazungumza. Leo nataka tuchukue jibu moja dogo lenye pesa ndani yake: sinia la matunda na jibini kwa ajili ya sherehe. Halipikwi. Halihitaji gesi, mkaa wala oveni. Linahitaji kisu kikali, mikono safi, barafu na hesabu. Siku hizi kwenye kicheni pati, send-off, ubarikio, hata vikao vya ofisi, watu wanataka kitu cha kutafuna kabla ya chakula kikuu, tena kinachopendeza kwenye picha. Jibini ni ile ambayo wengi mjini wanaiita chizi. Ukimwambia mzee kijijini unauza chizi atakushangaa, kwa hiyo mimi nitaendelea na jibini.

Kwanza tuambiane ukweli

Sinia la watu 20 linakula kilo 3 tu za matunda yaliyosafishwa. Kama una tani mbili za mananasi shambani, usitegemee masinia yakumalizie. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni mbili: kukulipa vizuri kwa kile kiasi kidogo cha daraja la kwanza, na kuwafanya watu wajue kuwa matunda haya mazuri yana shamba na yana mwenyewe. Anayekula leo ndiye atakayekupigia simu kesho kutaka kreti. Tani mbili bado zinahitaji soko la jumla, kiwanda cha juisi au kikaushio. Fanya yote kwa pamoja.

Hesabu ya kuanzia: gramu 50 na gramu 150

Kwa sinia linalotangulia chakula kikuu, mimi nahesabu kila mtu gramu 50 za jibini na gramu 150 za matunda yaliyokwisha kumenywa. Kwa hiyo watu 20 ni kilo 1 ya jibini na kilo 3 za matunda. Kama sinia ndilo chakula chenyewe, ongeza mara mbili.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo vijana wengi wanapotoboka mfuko. Kilo unayonunua siyo kilo unayopanga. Nanasi likimenywa na kutolewa moyo, linabaki kama nusu yake. Embe na papai hubaki kama theluthi mbili. Tikiti hubaki nusu na kitu, kutegemea unene wa ganda. Zabibu na plamsi karibu zote zinaliwa. Mfano wa sinia la watu 20 mwezi wa Pili:

- Nanasi: unahitaji gramu 800, nunua la kilo 1.6
- Zabibu: gramu 700, nunua gramu 750
- Tikiti: gramu 700, tafuta dogo zima la kilo 1.5 hivi
- Embe la mwisho wa msimu: gramu 500, nunua gramu 750
- Plamsi: gramu 300, nunua gramu 350

Jumla ni kilo 3 mezani, lakini umenunua au umechuma kama kilo 5. Weka bei yako kwa kilo ya mezani. Tuseme nanasi la kilo 1.6 umelipata kwa shilingi 2,000. Nyama yake ni gramu 800, maana yake kilo ya nanasi lililomenywa imekugharimu shilingi 2,500, na wala hujahesabu kazi yako. Tunda la shambani kwako nalo lina bei: liandikie ile bei ambayo ungeliuza sokoni. Usiseme "langu la bure".

Kuchagua jibini

Inachukua takriban lita 10 za maziwa kupata kilo 1 ya jibini ngumu, kwa hiyo hii ndiyo sehemu ghali ya sinia. Tanzania tunatengeneza jibini nzuri. Njombe wana kiwanda kinachotumia maziwa ya wafugaji wadogo, na huku kwetu Lushoto inapatikana pia. Ukinunua ya hapa nchini unakuwa na hadithi moja ya kumweleza mteja: tunda la hapa, maziwa ya hapa.

Kwa kilo 1, gawanya hivi: gramu 600 za jibini ngumu au nusu ngumu kama cheda na gauda, na gramu 400 za jibini laini kama feta au mozarela. Ngumu inavumilia safari na inakatika vipande safi. Laini ndiyo inayoleta chumvi na unyevu, lakini inaharibika haraka.

Kabla hujalipa, angalia mambo matatu:

1. Imetengenezwa kwa maziwa yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba unaotoka kwa ng'ombe kwenda kwa binadamu, na bakteria wa listeria ambao ni hatari sana kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kwenye kicheni pati wajawazito hawakosekani. Hapa hakuna mjadala.
2. Ina lebo yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na ilikuwa ndani ya friji dukani, siyo juu ya kaunta.
3. Imegandishwa na nini. Kimengenya cha kugandisha jibini, yaani reneti, kinaweza kutoka kwenye tumbo la ndama au kwa vijidudu maalumu vya kiwandani. Tanga na Zanzibar mteja Mwislamu atakuuliza, na ni haki yake. Uwe na jibu lililoandikwa kwenye lebo, siyo la kubahatisha.

Na usitengeneze jibini jikoni kwako kwa ajili ya kuuza kwa sababu tu umeona video. Hiyo ni biashara nyingine kabisa, ina vibali vyake na vifaa vyake.

Matunda yapi yakae pamoja

Siri ya sinia ni chumvi kukutana na sukari, na mafuta kukutana na uchachu. Jibini ngumu yenye ladha kali inapatana na zabibu na peasi. Feta inapatana na tikiti. Jibini laini isiyo na chumvi nyingi inapenda stroberi, au pasheni iliyokamuliwa juu yake. Asali kidogo na korosho za Mtwara zinaunganisha vyote. Ila asali mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, na korosho zikae kwenye kibakuli chake, maana wapo watu ambao miili yao haizipokei.

Sasa yale ya kuangalia:

Nanasi na papai visigusane na jibini laini. Nanasi bichi lina kimengenya kinachoitwa bromelaini, na papai lina papaini. Vyote viwili vinamega protini. Vikikaa juu ya jibini laini kwa muda, jibini inalegea na kuwa na ladha chungu. Mteja atasema umemuuzia jibini iliyooza, kumbe ni jirani yake. Weka vibakuli, au jenga ukuta wa zabibu katikati.

Peasi, tufaha, ndizi na parachichi hugeuka rangi ya kahawia vikikutana na hewa. Chovya vipande vya peasi na tufaha kwenye maji baridi yaliyokamuliwa limau, kijiko kimoja kikubwa kwa kikombe cha maji, kisha vikaushe. Ndizi na parachichi mimi siviweki kabisa kwenye sinia linalosafiri.

Tikiti hutoa maji. Likikaa wazi linalowesha mkate na korosho. Lichuje kwenye chujio kwa dakika 15, kisha lipe kibakuli.

Kuiva. Embe, papai, pasheni na parachichi vinaendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo unaweza kupanga siku. Zabibu, nanasi, stroberi, tikiti na machungwa haviongezi utamu vikishakatwa mtini. Ukichuma zabibu chachu leo, Jumamosi zitakuwa chachu vilevile. Onja shambani kabla ya kuvuna.

Kuosha na kukata

Kuna kitu nataka ukishike: tunda likiwa zima, ganda lake ni ulinzi. Ukilikata tu, umefungua mlango. Na kisu kinabeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Mwaka 2011 nchini Marekani, matikiti ya aina ya kantalupu kutoka shamba moja la Colorado yalikuwa na listeria. Watu 147 waliugua na 33 walifariki. Hayo ni matunda tu, hakuna nyama wala samaki. Ndiyo maana nasisitiza kila tunda lioshwe kabla ya kukatwa, hata lile ambalo ganda lake unalitupa.

Tumia maji safi yanayotiririka. Tikiti, nanasi na embe yasugue kwa brashi iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Kausha kwa taulo za karatasi. Stroberi na zabibu zioshe siku hiyohiyo ya shughuli, kwa sababu unyevu ukilala nao usiku zinaanza kuoza. Kibao cha kukatia matunda kisiwe kile kilichokatia kuku asubuhi. Na kamwe usinunue kipande cha tikiti kilichokwisha kukatwa sokoni, eti kwa kuwa unahitaji kidogo. Nunua zima, linalobaki kamulia juisi.

Ratiba ya kazi

Hii ni kwa shughuli ambayo sinia linaliwa saa 1 jioni.

- Siku moja kabla: Nunua jibini, iweke kwenye friji nyuzi 4 au 5. Gandisha chupa za maji usiku mzima. Osha masinia, vibakuli na visu.
- Saa 1 asubuhi: Chuma kile kinachotoka shambani kwako kabla jua halijapanda. Weka kivulini mara moja.
- Saa 7 mchana: Kata jibini ikiwa bado ya baridi, vipande vya sentimita 2. Futa kisu kila baada ya mikato michache. Funga vizuri, rudisha kwenye friji.
- Saa 8: Osha matunda. Zabibu zigawe kwa mkasi kuwa vishada vidogo vya punje 6 hadi 8, ili mgeni asisimame pale akivutana na shada zima.
- Saa 9: Kata nanasi, tikiti na embe. Kila moja na chombo chake chenye mfuniko, moja kwa moja kwenye friji.
- Saa 10:30: Pakia kwenye deli, chupa za barafu chini na juu. Sinia lenyewe safirisha tupu.
- Saa 12:30 jioni: Panga ukumbini.

Kupanga sinia

Tandika jani la mgomba lililooshwa na kukaushwa. Linapendeza, ni rahisi, na halimdhuru mtu. Usipambe kwa ua usilolijua, kwani maua mengine ya bustani, kama oleanda, ni sumu. Mnanaa unatosha.

Anza na vibakuli vitatu: tikiti, asali, korosho. Viweke mbalimbali, siyo kwenye mstari. Halafu jibini, kila aina upande wake, ili anayeogopa feta asiivamie. Kisha matunda makubwa: nanasi mbali na jibini laini, embe jirani yake. Zabibu zijaze katikati na ziwe ukuta. Plamsi zikatwe nusu, zitolewe kokwa, ziwekwe penye pengo. Mwisho mkate wa vipande vyembamba pembeni kabisa, penye ukavu. Weka koleo au vijiti kwa kila upande, vinginevyo watu wataingiza mikono, na hapo usafi wako wote wa asubuhi umekwisha.

Saa ya kadi na saa ya kula

Hili ndilo jambo linalotofautisha mfanyabiashara na mbahatishaji. Matunda yaliyokatwa na jibini laini yasikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2. Joto likifika nyuzi 32 au zaidi, saa 1 tu. Na Tanga au Dar mwezi wa Pili, nyuzi 32 ni jambo la kawaida.

Sasa, kadi imeandikwa saa 12 jioni. Sisi sote tunajua shughuli zetu. Bibi harusi anaingia saa 2, MC anatambulisha ukoo mzima, watu wanagusa chakula saa 3. Ukipanga sinia saa 11 ili "liwe tayari", limekaa kwenye joto saa 4. Linaonekana zuri bado, na hapo ndipo hatari ilipo: bakteria hawa hawabadilishi rangi wala harufu.

Kwa hiyo usimuulize mteja shughuli inaanza saa ngapi. Muulize: "Mama, wageni watakula saa ngapi?" Kisha ongea na MC mwenyewe. Kila kitu kikae kwenye deli hadi akupe ishara, panga kwa dakika 20. Badala ya sinia moja kubwa, tengeneza mawili madogo: moja linatoka, la pili linabaki baridi kulipokea la kwanza likiisha. Kilichobaki mezani muda ukipita, kitupe. Usimfungie mtu aende nacho nyumbani, hata akikubembeleza. Mteja akikuambia "acha tu hapo, watakula baadaye", mweleze kwa heshima kwa nini huwezi. Watu 20 wakiharisha Jumapili, hawatamtaja MC aliyechelewesha. Watalitaja shamba lako.

Bei na masharti

Jumlisha: matunda kwa kilo ya mezani, jibini, vikolezo, barafu, usafiri, vifaa vya kutupa, na kazi yako ya siku nzima kwa kiwango ambacho ungemlipa kibarua mwenye ujuzi. Juu ya hapo weka faida. Chukua nusu ya malipo wakati wa oda, iliyobaki kabla ya kupanga. Sinia na vibakuli viwekewe amana, kwani vyombo ukumbini hupotea. Zile kilo 2 za maganda na mioyo ya matunda peleka kwa nguruwe au kwenye mboji.

Vibali

Nenda kwa afisa afya wa kata yako akague sehemu unayoandalia, na upate kipimo cha afya kama mtoa huduma ya chakula. Halmashauri itakueleza kuhusu leseni. Ukianza kufungasha na kuuza dukani, hapo ni TBS. Ukitaka siku moja kutengeneza jibini mwenyewe, anza na Bodi ya Maziwa.

Turudi shambani

Biashara hii inaanzia kwenye tuta. Heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya kiuatilifu. Kama lebo inasema siku 7, na una oda Jumamosi, hesabu kurudi nyuma kabla ya kubeba bomba. Hakuna kuosha kunakoondoa kosa hilo.

Panga pia kwa kalenda ya sherehe. Kwaresima na Ramadhani harusi hupungua, ingawa Ramadhani matunda ya futari yanahitajika sana. Baada ya Pasaka na mwezi wa Kumi na Mbili shughuli hujaa. Tikiti linachukua kama siku 75 hadi 90 toka kupanda hadi kuvuna, kwa hiyo tikiti la Krismasi lipandwe mwezi wa Tisa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwezi wa Pili na tena kuanzia mwezi wa Nane. Mjue kijana mmoja wa huko, mbadilishane: yeye akutumie zabibu, wewe umtumie plamsi na peasi.

Anza na sinia moja la watu 10 kwa ndugu au kikundi chako. Pima kila kitu kwenye mzani, andika kwenye daftari nini kimeisha kwanza na nini kimebaki. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha bei yako halisi kabla hujamtoza mgeni hata shilingi.

Tukutane shambani.